Motere kubwa, resoro za zamani: nani anabeba ule uzito?

Ku njia ya Kasongo mpaka Kabambare, gari inayobeba watu ya mugodi ni ileile kila siku: Land Cruiser ya zamani, shasi ndefu, karoseri ya chuma nyuma, mifuko chini na watu juu ya mifuko. Zingine zina umri kupita shofere wake. Ziliisha kubadilishwa milango, bwati, ponti, rangi, mpaka ya kwanza imebaki ni shasi na jina. Na kitu kinachobadilishwa sana siku hizi ni motere. Ile ya silinda nne ikikufa, mwenye gari hatafuti tena ya silinda nne. Anatafuta ya silinda sita, juu ya kupanda milima na mzigo mkubwa.

Hatusemi ni vibaya. Motere yenye nguvu inasaidia watu wa Wamaza, inasaidia mama anayeenda kuzaa Kasongo, inasaidia kaseteriti kufika mbele ya mvua. Lakini sendika iko na swali moja, na tunaomba kila familia ya mukrezere iulize vilevile: wakati motere nzito iliingia mbele, resoro za mbele zilibadilishwa ao ziliachwa? Juu ya hii swali watu wanavunjika miguu, na wengine hawarudi nyumbani.

Hizi gari zilitoka kiwandani namna gani

Tuanze na zile zinazojulikana. Land Cruiser za serie 40 zilianza kutengenezwa Japani mwaka 1960, zikaisha kule mwaka 1984. Mwaka huohuo serie 70 ikaingia, na njo hiyo tunaona mingi zaidi. BJ75 ilikuwa na motere 3B ya mazutu, silinda nne, santimetre kibe 3.431. Kuanzia mwaka 1990 HZJ75 ilikuja na motere 1HZ, silinda sita kwa mstari mmoja, santimetre kibe 4.164. Wakati makanisie anasema « nilitia sita », mara nyingi ni ile 1HZ ya okazyo anasema, ao ndugu yake mkubwa 2H.

Silinda sita kwa mstari mmoja ni motere ndefu. Ikiingia mahali pa silinda nne, urefu unaenda mbele, kuelekea radiatere. Na mara nyingi haiji peke yake. Radiatere inakuwa kubwa, batri mbili mahali pa moja, na juu ya kukinga ile radiatere mpya wanasude chuma kinene mbele. Kila kitu kinaongezwa upande uleule.

Chini yake kuna nini? Katika hizi gari zote, mbele kuna ponti nzima ya chuma na resoro mbili za lamu, moja kushoto, moja kulia. Toyota ilibakiza lamu mbele ya serie 70 mpaka mwaka 1999, kisha ikatia resoro za kuzunguka. Kwa hiyo gari zetu nyingi ziko na lamu bado. Lamu ni kitu kizuri kwa njia yetu: inatengenezeka, fundi wa kijiji anaielewa, ikivunjika moja zingine zinakufikisha. Lakini kiwanda kiliipima kwa uzito fulani. Ukibadilisha uzito, ile hesabu imekufa.

Uzito unaenda wapi

Watu wengine wanafikiri kama kilo 100 zikiongezwa kwa gari, magurudumu mane yanagawana, 25 kila moja. Si hivyo. Uzito unaenda kwa ule mguu ulio karibu, kama wanaume wawili wanaobeba mti begani: ule aliye karibu na nshina njo anaumia.

Tuchukue mfano. Kutoka ponti ya mbele mpaka ponti ya nyuma, kwa Land Cruiser ndefu ya serie 40, ni karibu santimetre 295. Tuseme motere mpya inapita ya zamani kwa kilo 100, na katikati ya uzito wake iko santimetre 20 nyuma ya ponti ya mbele. Basi mbele inapokea kilo 93, nyuma 7 tu. Na kama motere ilisukumwa mbele mpaka ule uzito unakaa santimetre 10 mbele ya ponti? Mbele inapokea karibu kilo 103, na nyuma inapunguzwa kilo 3. Yaani ponti ya mbele inabeba kupita kile ulichoongeza. Juu ya ile, makanisie mzuri anarudisha motere nyuma kadiri nafasi inaruhusu, mbele ya kugusa resoro hata moja.

Nani anajua motere yake inapita ingine kwa kilo ngapi? Tusibishane kwa maneno. Sisi watu ya kaseteriti tunajua baskile. Tunajua pia ile inayoiba. Katika kila depo kuna baskile ya kupima mifuko. Motere mbili zikipimwa pale, ya zamani na ya mpya, pamoja na radiatere, batri na kile chuma cha mbele, hesabu itatoka palepale. Kazi ya saa moja. Mwandike ku karatasi, karatasi ibaki na gari.

Wamarekani nao walipita hapo

Kusiwe mtu anayefikiri haya ni matata ya gari za maskini. Huko Marekani, miaka ya 1960, kampuni za gari zilishindana kutia motere kubwa ndani ya gari ndogo. Vijana walizipenda juu ya nguvu zake, na leo wazee wanazitunza kama mali. Ford Mustang ilitoka mwaka 1964, gari nyepesi. Ford ilipotaka kutia V8 kubwa zaidi, nafasi ya mbele haikutosha: Mustang ya mwaka 1967 ilipanuliwa mbele ili ile motere iingie. Na mpaka leo, mtu kule akitoa motere ya silinda sita ndani ya gari ya zamani na kutia V8 kubwa, kazi ya kwanza anayofundishwa ni mbele: resoro ngumu kidogo kupita za kwanza, amortisere mpya zinazofanana na zile resoro, freni za diski. Asipofanya, gari inainamisha pua, inakataa kukata kona, na ukikanyaga freni inapiga magoti.

Tofauti iko moja. Kule ile gari inabeba mtu mmoja ao wawili, siku ya yenga, ku njia ya lami. Hapa inabeba kumi na tano, kila siku, ndani ya mashimo.

Alama za gari inayoumia mbele

Hauhitaji kuwa makanisie ili kuona. Mama anayesafiri na mtoto anaweza kuangalia haya mbele ya kupanda.

Simama kando ya gari tupu, ku uwanja sawasawa. Pua imeinama kuliko nyuma? Angalia lamu za mbele: kiwandani zimekunjwa kama upinde. Kama zimelala sawasawa na gari haina mzigo, zimechoka. Kama zimepinduka, katikati juu na masikio chini, gari isitembee.

Juu ya ponti, chini ya shasi, kuna kipande cha mpira: njo bite. Kazi yake ni kupokea pigo wakati gurudumu linapanda sana. Kati ya bite na chuma lazima nafasi iwe. Kama mkono hauingii, kila shimo linapiga shasi kwa nyundo. Angalia ule mpira: ukiwa umepasuka ao umekuwa na alama ya kung'ara, jua gari inapiga kila siku.

Kisha angalia shasi yenyewe karibu na masikio ya resoro, na pale bwati ya volani imefungwa. Pale njo ufa unaanza. Mstari mwembamba wa kutu nyekundu ndani ya rangi si uchafu, ni ufa unaotoa damu. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na huu ukuta ukianguka, unaanguka juu ya watu.

Dawa za uongo

Zipo dawa nne tunaona kila siku, na zote ni mbaya.

Ya kwanza ni kupasha lamu moto na kuikunja upya. Inatoka garaji imekaa juu, mwenye gari anafurahi. Lakini ile chuma ilipata nguvu yake kiwandani kwa moto uliopimwa na kupozwa kwa kipimo. Ukiipasha ku makaa mpaka nyekundu na kuiacha, inakuwa laini, italala tena. Ukiimwagia maji, inakuwa ngumu kama chupa; itavunjika. Kusude lamu iliyovunjika ni uuaji uleule.

Ya pili ni kutia kipande cha chuma ao cha mti kati ya ponti ya mbele na resoro ili pua ipande. Mbele haifai. Wakati wa freni, ponti inataka kujizungusha, na kile kipande kinakuwa mkono mrefu wa kuisaidia. Lamu zinajipinda, bride zinalegea, siku moja kipande kinatoka.

Ya tatu ni kurefusha jumele, zile chuma mbili zinazoshika sikio la resoro. Gari inapanda, ndiyo, lakini resoro haikuongezwa nguvu hata kidogo. Tena ponti inazunguka kidogo na pembe ya pivo inabadilika: volani inakuwa nyepesi, gari inatangatanga na haitaki kurudi yenyewe sawasawa.

Ya nne ni kuchukua resoro za kamio na kuzitia zote. Watu wanasema: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Wanyamwezi walipita na mizigo mpaka Kasongo, ni kweli, lakini walikuwa watu, walikunja magoti. Resoro isiyokunja goti si nguvu. Gurudumu linaruka kila jiwe, halishiki udongo, freni haina kazi hewani, na pigo lote linaenda ndani ya shasi.

Kazi yenyewe

Sheria ni nyepesi: uzito ulio juu ya resoro za mbele ukiongezeka kwa sehemu fulani, ugumu wa resoro uongezeke karibu kwa sehemu ileile. Tuseme mbele ilibeba kilo 800, sasa inabeba 950. Imeongezeka karibu sehemu moja ya tano. Basi resoro nazo zihitaji kuwa ngumu kwa karibu moja ya tano, si mara mbili.

Mbele ya kutoa motere ya zamani, pima gari yako. Gari tupu, ku uwanja sawasawa. Pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa gardibu, kushoto na kulia, uandike. Lalisha ubao mnene juu ya gardibu mbili, usawa wa ponti ya mbele, utie mifuko miwili ya simenti ya kilo 50. Tikisa gari kidogo ili lamu zikae, kisha pima tena. Kama ilishuka santimetre 2 kwa kilo 100, unajua kilo 150 itakuinamisha karibu santimetre 3. Sasa unasema kwa namba, hausemi tena kwa jicho.

Namna ya kuongeza nguvu ziko mbili. Bora ni kununua resoro zilizofanywa kwa ile gari yenye motere ile, ao za kampuni inayoandika uzito wake. Kama haziko, fundi wa resoro anaweza kuongeza lamu moja. Kwa resoro ya lamu sita, lamu moja ya unene uleule inaongeza kama moja ya sita, ikiwa fupi inaongeza kidogo kuliko hapo. Angalieni unene sana: lamu ya milimetre 8 haipiti ya milimetre 7 kwa kidogo. Inaipita ugumu karibu mara moja na nusu, juu unene unahesabiwa mara tatu kwa wenyewe. Tena lamu inayoongezwa ikunjwe karibu sawa na zile inazolalia, ichongwe ncha, ipakwe grese, na isiwe ndefu kupita ile iliyo juu yake.

Wakati wa kufungua, gari isisimame juu ya kri peke yake. Shandeli mbili za nguvu chini ya shasi, magurudumu ya nyuma yazuiwe na mawe. Makanisie aliyekufa chini ya gari haandikwi katika hesabu ya mugodi, lakini ni ndugu yetu. Tia alama kushoto na kulia, kwa sababu kwa gari zingine resoro mbili hazilingani. Badilisha buloni ya katikati, mipira ya masikio na bride. Bride iliyokwisha kufungwa kwa nguvu imejivuta; usiirudishe. Mwisho wa kukaza jumele ufanyike gari ikiwa imeshuka chini, uzito wote juu ya magurudumu, kama si hivyo ile mipira mipya itajikata kwa muda mfupi. Kisha baada ya kilometre 100 hivi, kaza bride tena. Hapa njo watu wengi wanaanguka: wanafanya kazi yote vizuri, halafu hawarudi kukaza.

Resoro haiendi peke yake

Resoro mpya na amortisere ya zamani ni mtu mwenye nguvu na mlevi. Resoro inarudisha pigo. Amortisere njo inaituliza. Kanyaga pua ya gari kwa nguvu na uiachilie: ipande, itulie. Ikicheza mara mbili, tatu, amortisere zimekufa. Pima pia urefu wake: isivutike mpaka mwisho wakati gurudumu linaning'inia.

Freni zinabeba uzito mpya vilevile, na mbele njo inafanya kazi kubwa wakati wa kusimama. Land Cruiser za zamani zaidi zina freni za tamburu mbele. Motere ikiwa nzito, diski ni bora, na kama haiwezekani, basi garnitire mpya na silinda zisizovuja. Rulma za magurudumu na za pivo zifunguliwe, zioshwe, zitiwe grese. Rotili za volani zishikwe kwa mkono zikitikiswa: zikicheza, zibadilishwe. Suportu za motere ziwe za ile motere, si za kukata ndani ya mapine ya zamani.

Siku ya kwanza, gari itembee bila watu. Polepole ku uwanja, kisha freni ya nguvu, kisha kona, kisha njia mbaya na mifuko ya mchanga. Mbele ya kupandisha mtu, pima tena gardibu na uangalie kama bite iliguswa.

Kosa la mwisho: kuongeza mzigo

Hapa njo tunafika pahali penye uchungu. Mwenye gari anatumia pesa kwa motere, anataka pesa irudi. Shofere anaona mlima unapandwa kwa gia ya tatu, anaongeza mifuko. Lakini motere haibebi mzigo, inauvuta tu. Kubeba ni kazi ya resoro, ponti, mapine na shasi, na hizo za nyuma hazikubadilishwa.

Kaseteriti inadanganya macho. Ni jiwe zito karibu mara saba kuliko maji. Kilo 50 zinaingia ndani ya ndoo ya litre 20 na nafasi inabaki. Mifuko ishirini midogo chini ya miguu ya watu haionekani kama kitu, lakini ni tani moja, na watu hawajahesabiwa. Ule uzito ukikaa nyuma ya ponti ya nyuma, unanyanyua pua. Taa zinaangalia miti, volani inakuwa nyepesi, magurudumu ya mbele hayashiki freni. Kazi yote nzuri ya mbele imepotea.

Mfanyakazi mwenye mkataba na kampuni ana kitu cha kushika: sheria namba 16/009 ya tarehe 15 julai 2016 juu ya usalama wa jamii inahesabu pia ajali inayompata njiani kwenda kazini ao kurudi. Aulize kama mwajiri wake anamwandikisha na kulipa kwa CNSS. Lakini mukrezere hana mkataba. Sheria ya migodi, tangu ilipobadilishwa mwezi wa tatu mwaka 2018, inamtaka awe ndani ya koperative iliyokubaliwa. Basi koperative isiwe tu ya kukata pesa ku mfuko. Iwe na kazi na sisi.

Sendika inaomba mambo matatu kwa koperative, wanegosia na wenye gari. Kwanza, gari yote iliyobadilishwa motere iwe na karatasi ya baskile na ya makanisie, inayosema uzito gani uliongezwa na nini kilifanywa mbele. Pili, hesabu ya mifuko na ya watu iandikwe ku mlango kwa rangi, mifuko na watu pamoja, si mifuko kando na watu kando. Tatu, gari isiyo na nafasi kati ya bite na shasi isipakie mtu, hata kama mvua inakuja, hata kama comptoir inangoja.

Na kwa ndugu wasafiri, wamama na vijana: mbele ya kulipa, inameni mwangalie lamu za mbele na ule mpira. Ni dakika moja. Shofere akikasirika, muulizeni karatasi. Kama haiko na lamu zimelala, tushuke wote, tungoje ingine. Mtu mmoja akishuka, anaachwa njiani. Tukishuka wote kumi na tano, mwenye gari atanunua resoro.